Magofu ya Kaole na Tongoni kwenye mwanga mgumu: maswali mnayoniuliza kila siku

Mi niko Bagamoyo, kazi yangu picha za harusi na za wageni, na siku isiyo na kazi naenda zangu Kaole kupiga picha mawe ya magofu, misikiti na makaburi ya kale. Tanga nina shangazi kwa hiyo na Tongoni nafika mara kadhaa kwa mwaka. Maswali yanayokuja WhatsApp ni yale yale, nimechoka kurekodi sauti moja mara ishirini, nimeyaweka hapa. Mengine nimeyajibu kwa urefu mengine mstari mmoja, inategemea na utamu wa swali.

Kaka nina kamera ya maana kabisa lakini magofu yanatoka ama meupe pee ama meusi tii. Kosa liko wapi?

Kamera haina kosa, angalia unachokipiga. Zile kuta ni matumbawe yaliyoungwa kwa chokaa. Pale lipu ya zamani ilipobaki panang'aa kama kanzu ya Ijumaa, pale ilipobanduka jiwe limeota ukoga mweusi wa miaka na miaka, halafu juu yake kuna kivuli cha mti, na nyuma yake mbingu. Vyote hivyo umevijaza kwenye fremu moja saa nne asubuhi. Jicho lako linavumilia kwa sababu linajirekebisha kila ukigeuka. Kamera haiwezi, yenyewe inachukua wastani wa kila ilichokiona na kuulazimisha uwe kijivu. Ikiona kivuli kingi inaongeza mwanga, lipu inaungua. Ikiona lipu nyingi inapunguza, kivuli kinakuwa masizi.

Kwa hiyo pimia mwanga pale penye weupe. Weka kipimo cha kamera kwenye nukta moja, ielekeze kwenye lipu inayopigwa na jua, ongeza hatua (stop, kila moja inazidisha mwanga mara mbili) moja na nusu hivi ili weupe ubaki weupe usiwe kijivu, funga hapo, ndo upange fremu yako. Kivuli kitatoka kizito, sawa, kivuli unaweza kukivuta baadaye kwenye kompyuta ukiwa umepiga RAW, lile faili ghafi la kamera. Ukipiga JPEG, faili lililobanwa, utavuta kidogo tu zinaanza chengachenga. Lakini lipu iliyoungua haina cha kuvuta, hapo umebaki na karatasi.

Tofauti ikizidi kabisa, weka kamera kwenye tripodi piga tatu: ya kawaida, ya giza hatua mbili, ya mwanga hatua mbili, utaziunganisha nyumbani. Majani yakitikisika na upepo yatatoka na vivuli viwili viwili, ndo ubaya wake, na Kaole upepo haulali.

Saa ngapi ndo nzuri?

Asubuhi, na nikisema asubuhi simaanishi saa mbili. Ile saa ya mwanga wa dhahabu mnayoisikia kwenye video za Wazungu, huku kwetu haifiki saa. Kwao jua linapanda kwa kulala, linaambaa ambaa, huku linapanda wima kama mkwezi wa mnazi, dakika 40 hivi tangu lichomoze na mwanga umeshakuwa mweupe. Bagamoyo jua linatoka karibu na saa 12 kamili mwezi wa 11, na Julai linasogea mpaka saa 12 na dakika 40 hivi, sasa piga hesabu yako. Ongeza na zile dakika 20 kabla halijachomoza, mwanga wa bluu usio na kivuli, mi nazipenda kuliko hata jua lenyewe.

Jioni nayo ipo ila ina mtego. Bahari iko mashariki, jua linazama upande wa bara nyuma ya minazi na miti, kwa hiyo mwanga unakatika kabla jua halijazama. Watu wanakaa wanasubiri machweo, wakija kushtuka ukuta umeshaingia kivulini.

Suala la geti: ongea na wahusika siku moja kabla, kistaarabu, waambie unataka kufika alfajiri. Usitokee tu gizani na tripodi begani kama bunduki.

Kila nikipiga mihrabu inatoka giza, nimeenda mara tatu. Nifanyeje?

Umeenda mwezi gani? Hili ndo swali ninalolipenda kuliko yote, kaa hapo.

Msikiti wowote wa kale huku pwani yetu, ukuta wa kibla, ule unaoelekea Maka, uko kaskazini. Maka kwetu iko karibu kaskazini kabisa, sio mashariki kama wengine wanavyodhani. Mihrabu, kile kishubaka anaposimama imamu, imo ndani ya ukuta huo, uso wake unatazama kusini. Sasa jua letu halikai sehemu moja mwaka mzima. Kuanzia kama mwanzoni mwa Machi mpaka mwanzoni mwa Oktoba, saa sita mchana jua liko upande wa kaskazini, yaani liko nyuma ya mihrabu. Kuanzia Oktoba mpaka Machi liko kusini, linaitazama mihrabu usoni.

Kwa hiyo ukienda Juni, hata ulale hapo kuanzia alfajiri mpaka magharibi, jua halitaigusa sura ya mihrabu. Linatoka kaskazini mashariki, linapita nyuma, linazama kaskazini magharibi. Wewe unabadilisha lenzi, unalaumu simu, kumbe ulikosea kalenda. Desemba na Januari jua linachomoza kusini mashariki, na asubuhi, kama ukuta wa mashariki haujakuzibia, mwanga unaingia kwa mshazari na kuupapasa ule ukuta, kila ukingo uliochongwa unaota kivuli chake chembamba. Mara ya kwanza nilipoona hivyo nilikuwa nimeshapiga mihrabu ile ile labda mara kumi na nilikuwa sijui kama ukingo wake una ngazi ngazi.

Haimaanishi Juni ubaki nyumbani. Juni mihrabu iko kwenye kivuli kimoja tulivu siku nzima, kivuli kisicho na doa la jua ni zawadi. Kosa ni kuipiga ikiwa ndogo katikati ya fremu na mbingu nyeupe imeizunguka. Sogea karibu, mbingu itoke kabisa, pimia mwanga hapo hapo kwenye kivuli, utaona inavyokuja. Ukitaka na mbingu basi ni zile picha tatu nilizosema juu.

Nimefika na wageni saa sita mchana, hakuna namna nyingine. Nifunge kamera?

Usifunge. Saa sita ni mbaya kwa sura za watu na kwa picha pana, lakini kwa ukuta wenyewe sio adui kiasi hicho. Jua likiwa utosini linateremka sambamba na ukuta, linauparuza kuanzia juu mpaka chini, kila kipande cha tumbawe kilichotokeza kinadondosha kivuli. Piga karibu: vishimo vya matumbawe, alama za chokaa, mizizi iliyopenya kwenye nyufa.

Na kuna siku za kipekee, mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba, ambazo jua linapita utosini kwelikweli na nguzo iliyosimama wima inakosa kivuli karibu kabisa. Ila usiende saa sita kamili, saa zetu na jua haziko sawa, Machi ni kama saa sita na nusu na ushee, Oktoba ni saa sita na robo hivi. Inadumu dakika chache, na kinachokuja kwenye picha ni kitu cha ajabu, kama nguzo imebandikwa.

Mi natumia simu tu, hayo mambo ya vipimo siyajui.

Simu inatosha. Gusa skrini pale penye weupe mwingi, shikilia kidole mpaka ifunge, halafu kale kajua kadogo kando ya kiboksi ukavute chini kidogo. Basi. Futa lenzi kwanza maana imejaa mafuta ya mfukoni, nusu ya "mwanga mgumu" mnaoulalamikia ni hayo mafuta. Zumu ya kuvuta kwa vidole achana nayo, tembea.

HDR ya simu, ile inayounganisha picha za mwanga tofauti, inasaidia lakini ikizidi mawe yanakuwa kama yamechemshwa. Kama simu yako inaruhusu kuipunguza, ipunguze.

Yale mashimo ya mviringo kwenye nguzo za makaburi mbona kwenye picha zangu hayaonekani?

Kwa wasiojua: makaburi ya nguzo, yaani yaliyosimamishiwa nguzo ya mawe, yalikuwa yanapambwa kwa mabakuli na sahani za kutoka China zilizopachikwa kwenye nguzo yenyewe, biashara ya bahari hiyo, mambo ya karne ya 13 mpaka ya 16 kwa Kaole. Mengi yametolewa au yameibwa au yamevunjika, vimebaki vitako vyake, shimo la duara lisilo na kina.

Ukilipiga jua likiwa nyuma ya mgongo wako, shimo linapotea kwa sababu mwanga unaingia mzima mzima hadi chini. Unataka jua la ubavuni. Nilikaa siku moja mbele ya nguzo moja tu kwa saa nzima na chupa ya maji, kuanzia saa moja asubuhi. Mwanzoni shimo lilikuwa jeusi lote. Baadaye mwanga ukaanza kuingia kwenye ukingo mmoja, kivuli kikawa kinapungua taratibu mpaka kikabaki kama mwezi mwandamo umelala ndani ya bakuli. Dakika tano hivi. Halafu ukapotea, ukabaki ukuta wenye doa. Ndo picha yangu ninayoipenda kuliko zote na wateja hakuna anayeiulizia, wanataka mbuyu.

Mbuyu je?

Ule wa Kaole waongozaji wanasema ukiuzunguka unaongeza umri. Piga mbuyu wako, zunguka, mi sina la zaidi.

Bwana harusi ana kanzu nyeupe, sura nyeusi, nyuma ukuta. Nikipata sura kanzu inaungua, nikipata kanzu sura inapotea.

Nimepitia hiyo, tena mbele za watu. Mtoe juani kwanza. Msimamishe kivulini lakini mwishoni mwa kivuli, hatua moja tu kabla ya jua, awe anatazama upande wenye uwazi. Ile ardhi ya mbele yake iliyopigwa na jua ndo taa yako, inamrudishia mwanga usoni kutokea chini. Kama ardhi ni majani mtandikie shuka jeupe, la sivyo kidevu kitakuwa cha kijani. Mi natembea na lile povu jeupe la ndani ya boksi la friji, nililipata bure dukani, linafanya kazi kama rifletka ya dukani na likivunjika silii. Shida yake ni upepo, kwa hiyo unahitaji mtu wa kulishika, mdogo wake bwana harusi kwa kawaida hana kazi.

Eksposha pimia kanzu, sura inyanyue kwa hilo povu. Na nyuzi za kofia zionekane, mama yake ataziangalia.

Mawingu yakitanda nighairi?

Thubutu. Wingu ndo mwanga bora wa magofu, tofauti inapungua, ukoga unaonyesha rangi zake za kijani na chungwa ambazo jua lilikuwa linazifuta. Ikishanyesha kidogo ni bora zaidi, tumbawe likilowa linakuwa jeusi la kung'aa. Toa mbingu kwenye fremu, itakuwa nyeupe isiyo na maana. Masika yenyewe, Machi mpaka Mei, ubebe mfuko wa nailoni wa kamera na viatu usivyovipenda.

Lenzi imejaa ukungu nikitoka kwenye gari, kila nikifuta unarudi.

Kiyoyozi hicho. Kamera imepoa, hewa ya pwani ina unyevu, inatua kwenye kioo kama inavyotua kwenye soda baridi. Usifute, unasambaza maji tu. Subiri dakika 20 mpaka 30 ipate joto la nje. Dawa ni kutoiweka kwenye kiyoyozi kabisa, au iache ndani ya begi lililofungwa mpaka ipate joto yenyewe.

Nilikosa alfajiri nzima kwa hilo. Nilikuwa Tanga, nimelala gesti yenye AC, nimeamka saa kumi, bodaboda mpaka Tongoni, mbingu imekuwa ya zambarau kabisa, nafungua begi lenzi imekuwa kama kioo cha bafuni. Nikakaa juu ya jiwe nikaangalia macheo kwa macho kama binadamu wa kawaida. Siku hizi kamera inalala nje ya chumba chenye AC, na ndani ya begi naweka vile vipakiti vinavyokuja na boksi la viatu.

Na chumvi: msimu wa kusi upepo unaleta chumvi mpaka kwenye meno. Puliza kwanza, ndo ufute kwa kitambaa cha miwani. Ukianza na kufuta unasugua mchanga kwenye kioo.

Picha za kivulini zinatoka za bluu.

Kivuli kinaangaziwa na mbingu, na mbingu ni ya bluu. Peleka mpangilio wa rangi (white balance) kwenye alama ya kivuli, au Kelvin 7000 hivi. Ukiwa chini ya miti itatoka kijani, hiyo rekebisha baadaye.

Polaraiza ina faida?

Ndiyo, hicho kichujio cha mbele ya lenzi kinafaa zaidi mchana na baada ya mvua. Inaondoa mng'ao kwenye majani na mawe yaliyolowa, mbingu inakolea. Inakula mwanga hatua moja hadi mbili. Kwenye lenzi pana mbingu inatoka madoa, nusu imekolea nusu imepauka, hapo ivue.

Flashi je, au tochi?

Flashi ya juu ya kamera inaua kila kitu, inalainisha ukuta kama sahani. Tochi ni habari nyingine. Magharibi ikiingia, kamera kwenye tripodi, ISO 100 (wepesi wa kamera kuhisi mwanga uwe mdogo), shata ikae wazi sekunde 10 au 15, unasimama pembeni kabisa ya ukuta na tochi ya kawaida unaupitishia mwanga kwa ubavu, mkono usitulie. Kila picha inatoka tofauti. Mwanga wa ubavuni tena, umeona? Tochi za LED za bei rahisi zina rangi ya ubaridi, mi nafunga karatasi ya pipi ya njano, inatosha.

Kaole au Tongoni, niende wapi?

Kaole iko kilomita 5 hivi kusini ya Bagamoyo mjini, bajaji au boda inakufikisha mlangoni, kuna misikiti miwili na makaburi zaidi ya 20, panatunzwa, kuna muongozaji. Kwa anayeanza nenda Kaole.

Tongoni iko kusini ya Tanga mjini, njia ya Pangani, kama kilomita 17 hivi. Makaburi ni zaidi ya 40, na hakuna sehemu nyingine Afrika Mashariki utakayokuta makaburi ya nguzo mengi hivyo pamoja, ingawa nguzo nyingi zimeshaanguka. Jina lenyewe linakuambia, tongo ni mahame. Kule ni kimya, watu wachache, na nguzo zilizolala chini zinataka jua la chini kabisa, ukichelewa nusu saa zinakuwa mawe ya kawaida. Mi moyo wangu uko Tongoni ila nauli iko Kaole.

Naruhusiwa kupanda ukutani nipate pembe nzuri?

Hapana! Chokaa ya miaka mia tano haikujengwa kwa raba zako. Yanalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, lakini hata isingekuwepo sheria, hayo ni makaburi, kuna watu wamelala humo. Usikae juu yake, usimlaze modo juu yake, nimeombwa hiyo mara mbili nikakataa hela. Kaole kuna kaburi la Sharifa ambapo watu bado wanakuja kuomba dua. Ukikuta watu, kamera chini, salimia, subiri wamalize, ukitaka kuwapiga waombe na wakikataa umekataliwa. Na mavazi, jisitiri kidogo.

Kazi ya biashara, matangazo au video ya muziki, kaulize kibali kabla, usije na watu kumi ukasema mko kwenye matembezi ya familia.

Droni?

Kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga na ruhusa ya wenye eneo. Ukiwa navyo, paa asubuhi jua likiwa chini, vivuli virefu ndo vinachora ramani ya kuta. Saa sita ukiwa juu unaona madoa ya kijivu tu.

Unaediti vipi, mbona zako zina hali fulani ya uzee?

Kidogo sana. Navuta kivuli kidogo, nashusha weupe kidogo, naacha weusi uwe weusi. Kosa la wengi ni kufungua kila kivuli mpaka msikiti unaonekana kama umejengwa jana. Nyingine nazigeuza nyeusi na nyeupe, hasa za mchana, maana mwanga wa saa saba hauna rangi ya kukosa. Uzee sijauweka mimi.

Unaweza kuniazima ile lenzi yako ya milimita 35?

Hapana. Tripodi naazima, ila ya mwisho ilirudi na mchanga wa Kaole ndani ya miguu mitatu yote na mwenyewe alivyoileta akaniambia "iko freshi kaka", kwa hiyo sasa hivi unaacha simu yako kwangu.